Bawaba Kwanza, Springi Baadaye

Katika gereji ya mjomba wangu, Tanga, karibu kila gari la zamani lilikuwa na fimbo yake. Fundi akitaka kuangalia injini, mkono mmoja uliinua boneti na mwingine ulipapasa kutafuta fimbo ya mkaratusi au kipande cha bomba, kisha akaisimamisha chini ya bati na kuendelea na kazi. Springi zilizokuja na gari kutoka kiwandani zilikwisha kuchoka au kung'olewa siku nyingi, na hakuna aliyeona haja ya kuzitafutia spea. Fimbo ilitosha. Tena ilikuwa na faida moja ambayo sikuitambua mpaka nilipokuwa mtu mzima: ilionekana. Mtoto aliyetumwa spana hakuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini asiiguse. Aliona imebeba nini, akajua ikichomoka ataumia nani.

Springi hubeba uzito uleule bila kuuonyesha. Ukiitazama boneti iliyofungwa, huoni kitu kinachofanya kazi. Bati limetulia, rangi inang'aa, na chini yake vyuma viwili vilivyosokotwa vimevutwa kwa nguvu inayoweza kuvunja kidole. Hilo nilikuja kulijua Inkster, katika jimbo la Michigan, nikiwa msaidizi wa jirani yangu kwenye banda lake la gari.

Inkster ni mji mdogo ulio karibu na Dearborn. Wafanyakazi wengi weusi wa Ford walijenga maisha yao hapo katika miaka ambayo Dearborn, yaliko makao makuu ya kampuni hiyo, haikutaka kuwauzia nyumba. Jirani yangu ni wa kizazi hicho. Alifanya kazi River Rouge, kile kiwanda kikubwa cha Dearborn, akastaafu akiwa na pensheni, mgongo unaomsumbua kila baridi ikizidi, na gari aina ya Mustang la mwaka 1965 alilolinunua kwa mwenzake wa kazini. Nilipomweleza kwamba nyumbani nilikuwa nafundisha fizikia, akaanza kuniita Mwalimu. Mimi nikamwita Mzee, na jina likamkaa.

Mustang ilionyeshwa kwa umma tarehe 17 Aprili 1964, kwenye maonyesho ya dunia ya New York, na bei yake ilianzia dola 2,368. Iliwezekana kuiuza kwa bei hiyo kwa sababu sehemu zake nyingi za chini zilitoka kwa Falcon, gari la kawaida la familia ambalo Ford ilikuwa tayari inalitengeneza. Kabla ya miaka miwili kutimia, Mustang milioni moja zilikuwa zimekwisha kutoka kiwandani. Wingi huo ndio unaomfaa mwenye gari hili leo. Viko viwanda vinavyotengeneza upya karibu kila kipande chake, kuanzia taa hadi springi za boneti, na mzee wa Inkster anaweza kuagiza na kuletewa mlangoni kitu ambacho mjomba wangu asingekipata hata angezunguka gereji zote za Tanga.

Shida ya gari la Mzee ilikuwa ya namna mbili. Boneti ilikuwa haikai juu. Ukiiinua hadi mwisho inasimama kidogo, kisha inaanza kushuka yenyewe, kwanza polepole, halafu kwa kishindo. Na ukiifunga, kona ya nyuma upande wa kushoto, karibu na kioo, inabaki imenyanyuka kiasi cha kupitisha kidole. Mzee alikuwa ameshatoa hukumu: springi zimekwisha. Mpya zilikuwa zimefika, zimelala ndani ya boksi juu ya meza.

Nilimweleza habari za fimbo za Tanga. Akacheka, akasema fimbo ni ya nyumbani. Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Agosti, Barabara ya Woodward hujaa magari ya zamani kuanzia Ferndale hadi Pontiac. Sherehe hiyo ilianza mwaka 1995, na desturi yake ni kwamba ukiegesha unafungua boneti ili wapita njia watazame injini na kuuliza maswali. "Siendi Woodward na kijiti," alisema Mzee. Nilimwelewa. Hata kwetu mtu haendi harusini na kanzu iliyofungwa kwa pini.

Kabla hatujagusa chochote alinionyesha kovu kwenye kidole gumba. Lilitokana na springi ya gari jingine, miaka mingi nyuma. Hakulihadithia kwa kirefu. Alinipa miwani ya kukinga macho na glavu za ngozi, akaniuliza, "Mwalimu, nguvu iko wapi sasa hivi?"

Jibu nililijua tangu siku za ubao na chaki. Mwaka 1678 Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha kanuni yake ya springi, baada ya kuwa ameitangulizia miaka miwili nyuma kwa herufi zilizochanganywa ili asiibiwe na mwingine. Kanuni inasema kwamba springi huvutika kulingana na nguvu inayoivuta. Ongeza nguvu maradufu, nayo itavutika maradufu. Wanafunzi wa kidato cha kwanza huipenda kwa sababu grafu yake ni mstari ulionyooka. Kinachoteleza masikioni mwao ni jambo linalofuata: nishati inayohifadhiwa ndani ya springi haiongezeki kwa mstari huo. Ukiivuta mara mbili ya mwanzo, nishati iliyojificha humo inakuwa mara nne. Ukiivuta mara tatu, inakuwa mara tisa. Ndiyo maana sentimita chache za mwisho huuma kuliko zote zilizotangulia. Darasani tulitundika vijiwe kwenye springi nyembamba na kupima kwa rula. Springi iliyokuwa mbele yangu Inkster ilikuwa nene, na hakuna kijiwe cha maabara ambacho kingeitikisa.

Swali la Mzee lilikuwa na jibu ambalo wengi hulipindua. Mtu hudhani springi ya boneti huwa na nguvu nyingi zaidi pale boneti inapokuwa imeinuliwa, kwa sababu hapo ndipo anapoiona ikifanya kazi. Ni kinyume chake. Katika Mustang ya miaka ile, springi ya kila upande imenasa kwenye bawaba kwa kulabu mbili. Boneti ikifunguliwa, springi hujikunja na kupumzika, ingawa haipumziki kabisa. Boneti ikifungwa, springi huvutwa. Wakati gari limetulia na watu wamelala, ndio wakati springi imebeba zaidi. Mtu anayefunga boneti kwa mkono ndiye anayeijaza nguvu, na siku akiifungua springi humrudishia nguvu hiyo, ndiyo maana bati zito huinuka kwa vidole viwili.

Na kwa nini, ikiwa springi imevutwa hivyo, boneti haipigi loki kwa nguvu usiku kucha ikitaka kufunguka? Kwa sababu ya umbo la bawaba. Bawaba hii si ile ya mlango wa nyumba yenye msumari mmoja katikati. Ni vipande kadhaa vya chuma vilivyounganishwa kwa ribiti, vinavyokunjuka pamoja. Boneti ikiwa chini, mvuto wa springi hupita karibu sana na kiungo, kwa hiyo hauna mkono wa kusukumia. Boneti ikianza kuinuka, mkono huo hurefuka, na springi hupata pa kushikia. Waliochora mtambo huu walijua kwamba nguvu peke yake haitoshi. Viungo ndivyo vinavyoamua nguvu ifanye kazi wakati gani na iende upande gani. Nilipolielewa hilo nilidhani nimeelewa gari tu.

Tulianza kwa kutandika. Blanketi kuukuu moja kila kona karibu na kioo cha mbele, kwa sababu boneti ikiteleza hugonga hapo kwanza, na rangi ya kona ikichubuka hakuna kuificha. Kisha Mzee akaleta ubao aliokuwa ameukata kwa kipimo, akausimamisha chini ya boneti. Yule asiyetaka kijiti Woodward hakukubali kuondoa springi bila kijiti. Springi ikishatoka, boneti haina mwenyewe, na bati la chuma la gari la miaka ile likimwangukia mtu kichwani si jambo la kusimulia kwa kicheko. Boneti ilipokuwa juu, alinionyesha namba iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi: 5F07T, na tarakimu nyingine zikifuata. Alinisomea. Tano ni mwaka 1965, F ni Dearborn, 07 ni gari la milango miwili lenye paa la bati, T ni injini ya silinda sita. Gari lilitoka kiwandani miaka michache kabla yeye hajaajiriwa, na hakudai lolote zaidi ya hapo.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotenganisha fundi na mbabe. Mbabe huchukua koleo kubwa, huikamata springi kwenye ncha na kuvuta. Mara nyingine huchomeka bisibisi ndefu kwenye kulabu na kuikandamiza. Springi nyingi zimetolewa hivyo, na makovu mengi yamepatikana hivyo, maana kulabu ikichomoka, nishati yote huondoka kwa mpigo mmoja na kuelekea inakotaka. Mzee alikuwa na kopo la washa bapa za chuma, zile za kawaida zinazowekwa chini ya nati. Aliniambia niondoe ubao na kuishusha boneti kwa mikono hadi karibu nusu, niishikilie hapo kwa bega na mikono yote miwili. Boneti iliposhuka, springi ilivutika, na mianya ikafunguka kati ya mizunguko yake. Akaingiza washa moja katika kila mwanya aliofikia, kwanza upande wa nje, kisha upande wa ndani, akifanya haraka lakini bila papara. Kisha akasema, "Inua."

Niliinua. Springi ilitaka kujikunja irudi kwenye urefu wake, ikakuta washa zimejaa njiani. Ikabaki ndefu. Kulabu ya juu, ambayo dakika chache nyuma usingeisogeza hata kwa nyundo, ikawa inacheza kwenye tundu lake. Mzee akaiinua kwa vidole vya mkono mmoja na kuiweka springi mezani, imetulia, washa zimeng'ang'ania kati ya mizunguko.

Jambo hilo nimelitafakari mara nyingi. Hatukuivuta springi hata kidogo. Boneti, ambayo ndiyo mzigo wake, ndiyo iliyoivuta, kwa namna ileile iliyokuwa ikiivuta kila siku kwa zaidi ya miaka hamsini. Kazi yetu ilikuwa kuizuia isirudi nyuma kutoka mahali ilipofikishwa na mzigo wenyewe. Vipande vidogo vya chuma, visivyo na nguvu yoyote, vilitosha kwa sababu viliwekwa katika wakati ambao nafasi ilikuwepo.

Mzee alihesabu washa za kila upande na kuandika idadi kwa penseli kwenye utepe wa karatasi alioubandika juu ya madigadi. Nilimuuliza sababu. Akasema kila iliyoingia lazima itoke, kwa maana washa iliyosahaulika ndani ya chumba cha injini itajitafutia makao, na makao hayo huenda yakawa ni mkanda wa feni.

Tulipomaliza upande wa pili nilifikiri sasa ni zamu ya springi mpya. Mzee akasimama. Alinitaka nishike kona moja ya boneti naye ashike nyingine, tuushushe ubao na kuitembeza boneti juu na chini kwa mikono mitupu, polepole, bila springi yoyote. Upande wa kulia bawaba ilikunjuka bila neno. Upande wa kushoto ilitembea robo ya njia, ikagoma, ikatoa mlio mkavu, kisha ikaruka na kuendelea. Tulirudia. Iligoma palepale.

Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka gundi. Vumbi limeingia, unyevu umefuata, na katika viungo kutu ilikuwa imeanza kushika. Mzee aliinama akapitisha kidole chini ya bati, karibu na mahali boneti inapofungwa kwenye bawaba hiyo, akanishika mkono na kunipitishia mimi pia. Palikuwa na mkunjo mwembamba, unaosikika kwa kidole kabla ya kuonekana kwa jicho. Hii ndiyo ilikuwa siri ya kona iliyonyanyuka. Kila mara mtu alipoifunga boneti kwa kuikandamiza mbele, bawaba ya kushoto ilikataa kukunja. Mkandamizo ulilazimika kwenda mahali fulani, ukaenda kwenye bati. Chuma chembamba kikaanza kujipinda badala ya kiungo kujikunja.

Hapo ndipo nilipoona hatari iliyokuwa ndani ya boksi mezani. Springi mpya zina nguvu kuliko zilizochoka. Tungeziweka siku ileile, boneti ingesimama juu vizuri, na sisi tungeshangilia. Lakini kila kufunga kungehitaji mkandamizo mkubwa zaidi, bawaba ya kushoto ingekataa vilevile, na mkunjo ule ungekua hadi bati litengeneze kovu linalohitaji fundi bodi na rangi mpya. Ugonjwa uleule, ila sasa una nguvu.

Siku hiyo hatukuweka springi. Tulinyunyizia oili ya kulegeza kutu kwenye kila kiungo, tukasogeza, tukafuta uchafu uliotoka, tukanyunyizia tena. Mzee hakutaka tufungue bolti za bawaba, kwa sababu boneti ya gari hili hupangwa kwa bolti hizo, na ukizilegeza bila kuchora alama ya mahali bawaba ilipokaa utapoteza siku nzima ukitafuta mlingano wa mianya ya pande zote. Tuliliacha lilale. Kesho yake bawaba ya kushoto ilitembea kwa kidole kimoja, tukatia grisi mpya.

Springi za zamani tulizichunguza pia. Tulizibana moja baada ya nyingine kwenye jiliwa, tukazipinda kidogo na kutoa washa. Ya kulia ilijifunga hadi mizunguko ikagusana. Ya kushoto ilibaki na mianya hata bila kuvutwa, dalili kwamba chuma kimepita kiwango chake na hakirudi tena nyumbani. Kwa hiyo hukumu ya Mzee ilikuwa na haki yake. Springi moja kweli ilikuwa imekwisha, na springi za boneti hubadilishwa zote mbili, la sivyo upande mmoja huinua kuliko mwingine na boneti husokoteka. Tofauti ni kwamba hukumu hiyo ingetekelezwa peke yake, gari lingeharibika.

Kuingiza mpya ni safari ileile kwa kurudi nyuma. Springi mpya haina boneti ya kuivuta, kwa hiyo mtu huibana ncha moja kwenye jiliwa na kuipinda kwa upande. Mianya hufunguka upande mmoja, unaijaza washa. Unaipinda upande wa pili, unaijaza tena. Kila unavyoendelea springi inarefuka, hadi kulabu zote mbili zinafika kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Tulizitundika, ubao ukiwa umesimama. Kisha tukaishusha boneti polepole, mianya ikafunguka, washa zikaanza kudondoka moja moja kwenye kitambaa tulichotandika chini. Chache zilikwama, tukazifuata kwa sumaku. Mzee akahesabu, akalinganisha na idadi mpya aliyokuwa ameiandika kwenye utepe, akaridhika. Mara ya kwanza tuliifunga kwa viganja vinne vilivyotandazwa, tukisikiliza. Kona ya kushoto ilikaa chini pamoja na wenzake.

Somo la bawaba nililihitaji nje ya banda pia, kwani wakati ule nilikuwa katibu wa chama cha watu wa Afrika Mashariki tunaoishi sehemu hizo. Kazi kubwa ya chama cha namna hii, kila mhamiaji anaijua, ni msiba. Mtu akifariki ugenini, mwili unahitaji kusafirishwa, na safari hiyo ina gharama za nyumba ya kuhifadhia maiti, hati za ubalozi, jeneza linalokubalika na shirika la ndege, na tiketi ya ndugu atakayeusindikiza. Michango ikichelewa, mwili unasubiri, na kila siku ya kusubiri inaongeza bili.

Tulikuwa na mwanachama mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye alipinga kila kitu. Mwili wa ndugu yake ulikuwa umekaa muda mrefu ukisubiri fedha za chama, na tangu hapo hakuna hoja iliyopita kikaoni bila yeye kuigonga. Watu walimchoka. Kukawa na minong'ono kwamba mkutano mkuu ujao umwondoe, na pamoja na hilo tuchague mwenyekiti mkali, mtu wa kusukuma mambo. Tulikwisha kubadilisha wenyeviti, na kila mpya alianza kwa kishindo.

Mtu si springi. Springi haina kumbukumbu ya matusi, wala haijali ni nani aliyeifunga. Lakini swali la Mzee lilinifuata: nguvu iko wapi? Nilipojiuliza hivyo, niliona kwamba hasira ya mwenzetu haikuwa kikaoni, ambako tulikuwa tunaiona. Ilijaa kila palipotokea msiba mpya, wakati watu wengine wako kimya wanachanga. Basi msiba uliofuata ulipotokea, sikusubiri kikao. Nilimwendea siku zilezile nikiwa na daftari, nikamwomba aniambie kila hatua inayochelewa, na kwa nini anadhani inachelewa. Alikuwa na mengi, na yote yalikuwa na tarehe. Kila hoja niliipeleka kwa viongozi peke yake: nani ampigie simu mwenye nyumba ya maiti, nani atangulize malipo ya kwanza, nani afuatilie hati. Tulikubaliana kwa maandishi, moja baada ya nyingine. Hoja iliyokubaliwa hakuirudia. Mkutano mkuu ulipofika, alikuwa amebaki na jambo moja tu mkononi, na aliweza kulisema bila kupaza sauti.

Jambo hilo lilikuwa bawaba. Akaunti ya chama ilihitaji sahihi za watu wawili, na walioruhusiwa kutia sahihi walikuwa wawili tu. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Akiwa Texas au California, hundi ilimsubiri. Hakuna mwenyekiti, hata awe mkali kiasi gani, angeweza kulifupisha bara la Amerika. Walichoweza kufanya wenyeviti wakali ni kuwasukuma wanachama wachange haraka zaidi, na fedha iliyochangwa haraka ikaenda kukaa benki ikisubiri lori lirudi. Wanachama walipoona hivyo wakaacha kuchanga. Nguvu ilikuwa inaongezwa mwisho mmoja, na kiungo kilichokauka kiko mwisho wa pili, na katikati kuna watu wanaojipinda.

Tulibadilisha kanuni: watia sahihi wawe watatu, na wawili wowote watoshe. Haikuwa hotuba ya kukumbukwa. Nadhani baadhi ya waliohudhuria hawakukumbuka hata kwamba ilipitishwa siku hiyo, kwa sababu walikuja kwa ajili ya uchaguzi.

Tangu wakati huo nimeona jambo hili likijirudia mahali pengi, kwenye shule, kwenye familia zenye mashamba ya urithi, kwenye ofisi za umma nilizowahi kuingia kama raia wa kawaida. Kitu kikigoma, watu hutafuta nguvu mpya: mkuu mpya, sheria kali zaidi, tarehe ya mwisho yenye adhabu. Nguvu hiyo huonekana kufanya kazi kwa muda, maana springi mpya huinua hata boneti yenye bawaba mbovu. Gharama huja baadaye, nayo hulipwa na sehemu nyembamba kuliko zote. Ofisini sehemu hiyo ni karani wa dirishani, shuleni ni mwanafunzi, na katika familia ni yule mtoto anayetumwa kupeleka ujumbe kati ya ndugu wasiozungumza.

Ninachopendekeza ni kile alichokifanya Mzee kabla ya kufungua boksi lake. Toa shinikizo kwanza. Kisha chukua kazi moja halisi, ombi moja la fedha, faili moja, mgao mmoja wa shamba, uitembeze kwa mikono kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu wa kuisukuma na bila mtu wa kuogopwa. Itatembea vizuri sehemu nyingi. Mahali fulani itagoma, na ukirudia itagoma palepale. Tia oili hapo. Baada ya hapo, ikiwa bado unahitaji springi mpya, zinunue, na uzibadilishe mbili kwa pamoja.